Kromosomu Fupi ya Philadelphia

Mwaka wa 1845 madaktari wawili, John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja peke yake, walieleza habari za wagonjwa waliokufa, ambao damu yao ilionekana imepauka na kujaa chembe nyeupe kupita kiasi. Miaka miwili baadaye Virchow aliupa ugonjwa huo jina litokanalo na maneno ya Kiyunani yenye maana ya damu nyeupe. Nasi twauita lukemia, yaani kansa ya damu. Jina lilipatikana, bali sababu haikupatikana. Ikapita miaka mia na zaidi kabla ya mtu yeyote kuiona alama ya chanzo chake.

Alama hiyo ilionekana mjini Philadelphia, Marekani. Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa akichunguza chembe za damu za wagonjwa, naye akazisuza kwa maji ya bomba tu. Chembe zikavimba, na kromosomu zilizomo, ambazo zilikuwa zimesongamana kama kuni katika mzigo, zikatawanyika hata zikaweza kuhesabiwa moja moja. Nowell hakuwa mjuzi wa kromosomu. Akatafuta ajuaye, akampata David Hungerford, kijana aliyekuwa bado akisomea shahada yake. Jicho la kijana huyo ndilo lililotambua kwamba katika aina moja ya lukemia, ile iendayo polepole, kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko desturi. Wakatangaza habari hiyo mwaka wa 1960, na kromosomu ile ikapewa jina la mji wao.

Je, kromosomu fupi ndiyo iletayo ugonjwa, au ugonjwa ndio uiharibuo kromosomu? Wataalamu wengi waliamini hilo la pili. Kwao, mabadiliko ya kromosomu yalikuwa kama majivu, nayo majivu hayawashi moto. Lau wangekuwa na haki, kusingekuwa na faida ya kuifuata alama ile zaidi.

Aliyeifuata ni Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa juma ili apate kuwalea. Wakati huo zilikuwa zimepatikana rangi mpya zinazoonyesha mistari juu ya kila kromosomu. Rowley alizikata picha zake kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake. Watoto wake wakamtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. Katika mchezo huo aliona kwamba kipande kilichopungua katika kromosomu ya 22 hakikupotea, bali kilikuwa kimehamia kwenye kromosomu ya 9. Aliandika habari hiyo mwaka wa 1973. Kwa maoni yangu, hapo ndipo majivu yalipoanza kuonekana kuwa kaa la moto, kwa maana haielekei kwamba bahati tupu ingebadilishana vipande vile vile katika mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa 1979 Tony Hunter, huko California, aligundua kazi ya ajabu ya vimeng'enya viitwavyo tairosini kinasi. Kimeng'enya cha namna hii huchukua fosfati na kuibandika juu ya tairosini, ambayo ni sehemu mojawapo ya protini, na alama hiyo huwa ni amri: kua, gawanyika, acha. Alifaulu kwa sababu alitumia maji ya kemikali yaliyokaa muda mrefu hata ukali wake ukabadilika. Yangekuwa mapya, huenda asingeona kitu. Maji ya bomba, mkasi, na sasa maji yaliyochakaa!

Kuanzia mwaka wa 1982 wataalamu wa Uholanzi na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba jeni ya ABL, iliyo katika kromosomu ya 9, huhamia kwenye ya 22 na kuungana na jeni ya BCR. ABL hutengeneza tairosini kinasi. Katika chembe yenye afya hupiga kengele yake kwa zamu, kisha hunyamaza. Ikiisha kuunganishwa na BCR, kengele hailali usiku wala mchana, na chembe nyeupe huzidi kuzaana. Mwaka wa 1990 jeni hiyo ya mchanganyiko ilitiwa katika uboho wa panya, nao wakaugua ugonjwa mfano wa ule wa binadamu. Ubishi wa miaka thelathini ukakoma.

Ilibaki kuinyamazisha kengele. Nicholas Lydon na wenzake, katika kampuni ya dawa mjini Basel, Uswisi, walitengeneza dawa iitwayo imatinibu, inayoziba tundu la kimeng'enya hicho kama kijiti katika tundu la ufunguo. Daktari Brian Druker wa Oregon aliijaribu, kisha akaisihi kampuni iendelee, kwa kuwa wakubwa wake walisitasita wakiona wagonjwa ni wachache na faida ni haba. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka wa 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliokuwa hawajaugua sana, waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka wa 2001, na baadaye mpango wa kuitoa bure uliwafikia wagonjwa wa Nairobi pia.

Hata hivyo ugonjwa haukusalimu amri. Mwaka huo huo wa 2001 Charles Sawyers na wenzake, huko Los Angeles, walieleza habari za wagonjwa waliopona kisha wakaugua tena. Katika baadhi yao herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika, na tundu likageuka umbo hata kijiti kisiingie. Kijiti cha kuingia katika tundu hilo jipya, dawa iitwayo ponatinibu, kiliidhinishwa mwaka wa 2012.