Bei Ikiamuliwa Mbali: Mapokeo Manne ya Kuinua Maeneo, Yakipimwa Kalemela

Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inapita wilayani humo, Ghuba ya Speke iko jirani, na ukishapita Lamadi unalikuta geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Udongo wake unakubali pamba, na ng'ombe wapo. Kwa macho ya ramani, hapa ni mahali palipojaliwa. Hata hivyo Simiyu imekuwa miaka mingi miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo pato la mkazi wake ni la chini kabisa.

Afrika Mashariki imelijibu tatizo hili kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina historia yake, maandiko yake na imani yake kuhusu nini kinachoinua eneo lililoachwa nyuma. Ninalinganisha mapokeo manne: mpango wa dola ya Kitanzania, ushirika wa wakulima wa Kanda ya Ziwa, mgao wa kikatiba wa Kenya, na bidhaa ya wilaya yenye asili yake Japani. Nayapima yote kwa swali moja: nani anaamua thamani ya kile eneo linachozalisha, na sehemu gani ya thamani hiyo inabaki pale ilipozaliwa?

Tuanze na maandiko mawili yaliyotoka karibu wakati mmoja, yote yakijiita ya ujamaa. Waraka wa Bunge Na. 10 wa Kenya, wa mwaka 1965, uliamua waziwazi kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme na watu waliokwisha kuchangamkia maendeleo. Faida ingekuja kusambazwa baadaye. Azimio la Arusha la 1967 lilitazama upande mwingine wa jambo hilohilo. Lilionya kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa mazao ya mkulima, na kwamba mji unaweza kumnyonya mwanakijiji bila hata kutambua. Mtu wa Kalemela akisoma waraka wa kwanza anaambiwa asubiri. Akisoma wa pili anaambiwa kwamba ndiye anayewalipia wengine. Kwangu mimi, Azimio lilikuwa sahihi zaidi juu ya chanzo cha ugonjwa. Lilipokosea ni katika kuchagua mganga.

Mganga huyo alikuwa dola yenyewe. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, wa 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa nje ya Dar es Salaam iwe vituo vya ukuaji, Mwanza ikiwa mmoja wao. Mwaka 1972 ukaja mfumo wa Madaraka Mikoani: halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa, maofisa wakapelekwa mikoani, na uamuzi mkubwa ukaendelea kusubiri neno la makao makuu. Tusiidharau kazi iliyofanyika. Shule za msingi na zahanati zilifika vijiji ambavyo mkoloni hakuwahi kuvijali, na nafasi za sekondari ziligawanywa ili watoto wa maeneo yasiyo na shule za misheni nao wapate. Lakini pamba ilibaki pamba. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa Mwanza na kile cha Urafiki Dar es Salaam, vyote vikianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, huku bei ya mkulima ikipangwa na serikali na thamani yake halisi ikishuka katika miaka ya 1970. Eneo lilipewa huduma, likanyimwa sauti.

Sauti hiyo ilikuwapo kabla, na ilitoka kwa wakulima wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, wenye makao Malya. Ulikuwa mpango wa eneo hasa, na fedha ulikuwa nazo. Ulikuja na amri za matuta, za samadi, za kupunguza ng'ombe na za kuhamishia watu Geita. Wakulima waliyakataa mengi ya hayo, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Wakati huohuo walikuwa wanashughulika na jambo lililowauma zaidi, nalo ni mizani ya mnunuzi.

Mizani hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mkulima anafika na pamba yake baada ya miezi ya kulima, kupalilia, kunyunyizia dawa na kuchuma. Gunia linatundikwa, mshale unacheza, na mtu mwingine ndiye anayeusoma na kuandika. Kilo mbili tatu zikipotea katika kila gunia, msimu mzima umeliwa. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliwaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame pale na kuhakikisha. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Kufikia uhuru, muungano huo ulikuwa unashughulikia karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa na kumiliki viwanda vya kuichambua. Ulikuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Haya ndiyo mapokeo ya pili, nami nayaona yana uzito usiotambuliwa vya kutosha. Hapa sera ya eneo ilianzia kwenye uzani wa gunia, ikapanda hadi umiliki wa kiwanda. Baadaye ubadhirifu uliingia kwenye ushirika, na tume ya uchunguzi ya 1966 ililisema hilo. Dawa ilikuwa kumrudishia mwanachama uwezo wa kumhoji kiongozi wake. Badala yake serikali iliingia katika uendeshaji, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Viliporudi katika miaka ya 1980, imani ilikuwa imeumia. Mwaka 2018 pamba ilielekezwa kununuliwa kupitia AMCOS, vyama vya msingi vya leo, lakini kwa agizo la juu. Katika msimu wa 2019 wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi, wala chama hakikuwa na nguvu ya kumbana mnunuzi.

Mapokeo ya tatu yanatoka Kenya, nchi iliyoukana waraka wake wa 1965 kwa katiba ya 2010. Katiba hiyo iliunda kaunti 47 na kuamuru kwamba zipate kila mwaka angalau asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Ikaongeza Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato hayo, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Fomula ya kwanza ya kugawa fungu la kaunti ilitoa uzito wa asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo na 2 kwa usimamizi bora wa fedha. Matokeo yake, mwaka 2013 Turkana, iliyosahauliwa tangu ukoloni, ilipata fungu la pili kwa ukubwa baada ya Nairobi.

Utaratibu huu una dosari zake. Fedha za kaunti huchelewa, Mfuko wa Usawazishaji ulikwama miaka mingi hadi ukafikishwa mahakamani, na wizi nao ulishuka ngazi ukaingia kaunti. Bado kuna jambo kubwa la kujifunza: mtu wa Turkana anadai haki iliyoandikwa, wala hasubiri hisani ya kiongozi. Tanzania ilichagua kuchora mipaka mipya. Mwaka 2012 Simiyu ilizaliwa pamoja na Geita, Katavi na Njombe, na Busega ikatoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Ofisi zilisogea, na hilo ni jema kwa aliyekuwa akisafiri mbali kufuata huduma. Lakini uwezo wa kifedha haukusogea kwa kiasi hicho. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara, chanzo kikuu cha halmashauri za wakulima, ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipata nafuu aliyostahili, na halmashauri ikazidi kutegemea hazina kuu.

Angalia pia mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nia yake ni njema sana. Ila asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya jijini na asilimia 10 ya mapato ya Busega ni vitu viwili visivyofanana kabisa. Kwa sheria moja, kijana wa mahali penye fedha anapewa mtaji mkubwa na wa mahali pakavu anapewa kidogo. Sera inayosema usawa inaishia kulipanua pengo, kwa sababu imesahau kupima mahali.

Mapokeo ya nne yalifika Simiyu kutoka mbali. Mwaka 1961 wakazi wa Oyama, mji wa milimani katika jimbo la Oita nchini Japani, waliacha kung'ang'ania mpunga ambao serikali yao ilikuwa inauhimiza, wakapanda miti ya matunda iliyofaa miteremko yao. Gavana Hiramatsu Morihiko, aliyeingia madarakani 1979, alieneza mfano huo jimbo zima chini ya wazo la kijiji kimoja, bidhaa moja. Thailand ililichukua mwaka 2001 na Malawi mwaka 2003. Simiyu nayo, chini ya Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, ikaja na Wilaya Moja Bidhaa Moja: vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa. Lilikuwa jambo la kutia moyo, kwani kijana wa Usukuma alijiona mwenye kiwanda, na wateja wa chaki walikuwa shule zilizomzunguka.

Tofauti iko kwenye mizizi. Oyama iliongozwa na Yahata Harumi, meya wa mji ambaye pia alisimamia ushirika wa wakulima. Wazo lilitoka kwa wenyeji, na gavana alilikuta likiishi. Simiyu wazo lilishuka kutoka ofisi ya mkoa, na mkuu wa mkoa huteuliwa na kuhamishwa. Mwaka 2021 Mtaka alihamishiwa Dodoma. Wazo zuri halipaswi kuwa na umri wa uteuzi wa mtu mmoja.

Nikiyaweka mapokeo haya manne pamoja, naona kila moja lina kiungo ambacho jingine limekosa. Dola ilileta shule na zahanati, Kenya ikaandika haki ya mgao, Oita ikaonyesha namna ya kusindika kilichopo, na ushirika wa akina Bomani ukafundisha kwamba yote huanza na mkulima mwenye neno juu ya bei yake. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwa muda mrefu Kalemela haikuwapo palipoamuliwa mambo yake.

Kwa hiyo mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya za Simiyu, unaosaidiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, naupokea kwa furaha, kwani pamba ya mvua pekee haina uhakika. Lakini maji pekee hayatoshi kama thamani inasindikwa kwingine. Pamba mbegu inapochambuliwa, takriban theluthi moja ya uzito wake ndiyo nyuzi. Iliyobaki karibu yote ni mbegu, yenye mafuta na mashudu ambayo ng'ombe wa hapohapo wanayahitaji. Kuichambua pamba na kukamua mbegu zake ni kazi za vijana wa Busega, zikifanyika Busega. Simiyu ilikuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012 na 2,140,497 mwaka 2022, hivyo wanaozihitaji wanaongezeka kila mwaka. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iweke mgao unaoupa umaskini wa eneo uzito unaojulikana, ambao hakuna ofisa anayeweza kuupunguza kimyakimya. Mikopo ya vijana ijazwe na hazina kuu pale mapato ya ndani yanapopungua. Na AMCOS iwe mali ya wanachama kwa vitendo: wachague viongozi, wakague vitabu, waruhusiwe kumkataa mnunuzi asiyelipa kwa wakati. Pasipo hilo la mwisho, fedha zote zitakazoletwa zitapita Kalemela kama zilivyopita za nyuma.