Hadithi za mizuka zilivyovuka bahari hadi Pangani

Februari 1857, jahazi liliwashusha Pangani Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walikuwa njiani kwenda Fuga, Usambara, kumwona mtawala Kimweri, na vitabu vya historia huwakumbuka kwa safari hiyo na kwa ile ya Ziwa Tanganyika iliyofuata. Mimi namkumbuka Burton kwa jambo jingine. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi za Kihindi, na mhusika mkuu humo ni maiti inayosema. Mwaka huo huo, London hiyo hiyo, Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha ngano alizoziandika Unguja kutoka vinywani mwa Waswahili. Ndani yake mna hadithi iliyotoka India karne nyingi kabla Burton hajazaliwa.

Vitabu hivyo viwili ni njia mbili za kuandika upya hadithi iliyotoka mbali. Tuanze na cha Burton.

Wahindi wanamwita kiumbe yule Vetala. Ni pepo anayeingia katika maiti na kuikalia kama mpangaji katika nyumba iliyohamwa, kisha huning'inia mtini kichwa chini miguu juu, penye uwanja wa kuchomea wafu. Mfalme Vikram ametumwa na mtu anayeandaa kafara amletee maiti hiyo usiku. Anapanda, anaishusha, anaibeba begani. Njiani maiti inaanza kusimulia, na mwisho wa kila kisa inamtupia mfalme swali. Akijua jibu asiposema, kichwa kitampasuka. Akilisema, Vetala humponyoka na kurudi mtini, na safari inaanza upya. Somadeva wa Kashmir aliziingiza hadithi hizo katika mkusanyo wake mkubwa karne ya 11. Kwa kawaida ni 25. Burton alichukua 11, akazisimulia kwa namna yake.

Burton alikuwa amelitumikia jeshi la India miaka ya 1840 na alijua lugha za huko. Lakini kitabu chake alikipa jina la yule mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, ilhali Vetala kazi yake ni kukalia mwili wa mfu na kuuliza maswali. Wasomaji wa London wakapata kiumbe waliyekwisha kumzoea. Bram Stoker, mwandishi wa Dracula ya mwaka 1897, alimjua Burton na aliandika jinsi meno yake yalivyomshangaza. Naona Burton alimvua Vetala jina lake, akamvika la mwingine. Hilo ni kosa ambalo msimulizi wa pwani yetu hakulifanya.

Msimulizi huyo jina lake halimo kitabuni. Hadithi aliyompa Steere ni ya kima na papa, ambayo ndani yake imo ya punda wa dobi. Chimbuko lake ni Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti. Katika karne ya sita tabibu Burzoe alikipeleka Uajemi, na katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Kutoka hapo kilisambaa dunia nzima, na kwetu kilifika kwa bahari.

Tazama yaliyotokea njiani. Kule India rafiki wa kima ni mamba, na anayeutaka moyo wa kima ni mke wa mamba. Katika Kiarabu mamba amekuwa kobe, lakini mke bado yumo. Msimulizi wa Unguja anasimulia watu wa bahari, kwa hiyo anamleta papa. Mke anaondoka kabisa, anaingia sultani aliye mgonjwa, ambaye dawa yake ni moyo wa kima. Wivu wa nyumbani umegeuka amri ya mtawala, na kila aliyeishi chini ya sultani alijua amri ya namna hiyo ina uzito gani. Mbweha aliyemdanganya punda naye anampisha sungura, maana hapa kwetu ujanja ni mali ya sungura. Kima akabaki mtini, na mti ni mkuyu.

Huko ndiko kuandika upya. Kisa cha kigeni kimepewa bahari yetu, mti wetu na hofu yetu, na mtoto wa Pangani akisimuliwa haulizi kimetoka wapi.

Kwa nini Pangani? Kwa sababu hadithi husafiri na watu wa mizigo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Kutch na Gujarati, kusi ikavirudisha. Pembe za ndovu ziliteremka kutoka bara hadi mdomo wa mto huu, na wakati Burton anafika, ushuru wa forodha wa mwambao wote ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya Jairam Sewji, mfanyabiashara wa Kutch aliyemlipa Sultani wa Unguja. Mji una Mtaa wa Wahindi hadi leo, na baadhi ya nyumba zake bado zina roshani za mbao. Barazani kwao na barazani kwetu palikuwa hatua chache.

Karani mmoja wa forodha baadaye alizijua sana hesabu za mji huu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alitumikia Idara ya Forodha kuanzia 1926 hadi 1944, Pangani na vituo vingine. Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake Adili na Nduguze. Msingi wake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake kilichomo katika Alfu Lela Ulela, mkusanyo ambao nao mtindo wake wa hadithi kuzaa hadithi una asili ya Kihindi. Katika Kiarabu ndugu wawili waovu wanageuzwa mbwa na jini, na ndugu yao analazimika kuwachapa kila usiku. Shaaban aliwafanya manyani. Khalifa Harun Rashid akawa Mfalme Rai, Basra ikawa Janibu.

Wanafunzi wengi hukariri maadili ya kitabu hicho na kuiacha sehemu ninayoipenda zaidi. Kisa hakianzi na radi wala makaburi. Kinaanza na kodi: hazina ya mfalme inakaguliwa, ya Janibu haikufika, mtu anatumwa kuifuatilia, na huko anashuhudia yale ya usiku. Ndivyo ilivyo katika asili pia. Lakini nani angeielewa siri hiyo kuliko mtu aliyekaa miaka 18 na madaftari ya ushuru? Jini anatisha zaidi akigunduliwa katika upungufu wa hesabu.

Mohammed Said Abdulla wa Unguja alishika njia ya kinyume. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960, inapeleka mauaji penye mzimu, halafu mpelelezi Bwana Msa anaondoa hofu tabaka kwa tabaka mpaka abaki binadamu na tamaa yake. Ni riwaya nzuri, lakini baada yake waandishi wetu wengi wa mambo haya waliona haya kumwacha mzimu awe mzimu.

Uzi ule wa India uliokotwa tena na M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam katika familia ya asili ya Gujarati. Anaandika kwa Kiingereza. Katika The Magic of Saida ya mwaka 2012, mtu aliyezaliwa na baba Mhindi na mama Mwafrika anarudi Kilwa, na humo mna mshairi mzee ambaye tungo zake zina mkono wa jini. Natamani ingeandikwa Kiswahili kwanza.

Pangani ina ya kuandika tele. Boma kongwe linahesabiwa kuwa la mwaka 1810, na wenyeji husimulia kuwa chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Katika mji huu Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani, alinyongwa na Wajerumani tarehe 15 Desemba 1889. Huna haja ya kuazima mnyonya damu wa sinema. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitoka mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, alikwisha kutuorodheshea pepo wa Mrima kwa majina: kinyamkera, dungumaro, rohani. Kila mmoja ana ngoma yake na masharti yake. Anayewaita wote shetani amefanya lile la Burton.

Nawaomba walimu wa Kiswahili wa Pangani, Mwera, Kipumbwi na Mkwaja: likizo ijayo wapeni wanafunzi daftari moja moja waende kwa bibi na babu zao, wa Kiswahili na wa Kihindi waliobaki, waandike hadithi kama zinavyosemwa, bila kusafisha lugha. Waandike pia jina la pepo, na jina la mti anaokaa.