Bawabu Mlangoni na Kitambulisho Chako

Neno bawabu tumelipokea kutoka Kiarabu, kwenye bab, yaani mlango. Siku hizi yuko karibu kila mlango wa Mombasa: benki, hospitali, shule, majumba ya kupanga ya Nyali, mpaka hoteli za Diani. Nchini kote mabawabu wamewapita polisi kwa idadi, na mashambulizi ya Westgate 2013, Mpeketoni 2014 na Chuo Kikuu cha Garissa 2015 yalizidi kuikuza biashara hii.

Hata hivyo, sheria yake mahususi ilipatikana 2016 tu. Hapo awali kampuni ya ulinzi ilisajiliwa kama kampuni nyingine yoyote. Sheria hiyo iliunda mamlaka ya kudhibiti sekta, PSRA, na sasa kampuni na bawabu mwenyewe wote wanatakiwa kusajiliwa, naye bawabu awe amepata mafunzo.

Linalowagusa wengi ni kifungu cha 48. Kilivyoandikwa, kilimruhusu bawabu kukuuliza wewe ni nani, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kushika kitambulisho chako kwa muda. Kwa muda, maana yake ukitoka ulitakiwa kurudishiwa. Maelezo uliyoandika kitabuni ni ya kukutambulisha tu. Kuichukua nambari yako ya simu na kukutumia ujumbe usiku ni kosa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kulalamika.

Kwetu Pwani hili si dogo. Kuna vijana waliopigwa msasa miezi mingi, wakidaiwa hati za babu zao, ndipo wakapata kitambulisho. Kikipotea kwenye droo ya mlangoni, nani atawarudishia miezi hiyo?

Akimkamata mtu kwa kosa, bawabu hana ruhusa ya kumfungia stoo wala kumpiga. Ampeleke kwa polisi bila kuchelewa. Bunduki kwa kawaida hana. Gari la pesa likipita na silaha, mwenye silaha ni polisi.

Naye bawabu ana yake. Mapema 2024 PSRA iliamuru mshahara usiopungua Sh30,000, kampuni zikakimbilia kortini. Tunamtaka akeshe macho usiku kucha, lakini tunapochagua kampuni tunauliza ipi rahisi. Kabla ya kutia saini mkataba, kamati ya msikiti, shule au mtaa iombe kuona cheti cha PSRA, kisha iulize bawabu atalipwa ngapi mkononi.