KOMPYUTA IMEGOMA BAADA YA KUPANDISHA WINDOWS NA OFFICE? SOMA KWANZA KABLA HUJAPIGA WINDOW UPYA



Leo naandika kuhusu kitu ambacho nusura kinigombanishe na nusu ya mtaa. Mama yangu yuko kwenye kikundi cha VICOBA, na mimi ndo kijana wao wa kompyuta. Hisa, mikopo, marejesho na faini zote za mwaka 2025 zilikuwa kwenye faili moja la Excel, ndani ya laptopu yangu ya mtumba niliyoinunua Tunduma. Daftari lilikuwepo, ila liliishia Juni. Baada ya hapo akina mama waliniamini mimi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma. Nami mwezi Novemba nikaamua kupandisha kwenda Windows 11. Nikaingia BIOS, nikabadili mambo mawili matatu, nikawasha upya. Ikaja skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Siku tatu kabla ya mgawo!

Nikampelekea fundi mmoja. Akaangalia dakika moja, akasema, "Dogo, dawa hapa ni kupiga window." Bahati nzuri umeme ulikuwa umekatika, nikarudi nayo nyumbani. Angepiga window pale, faili la akina mama lingekuwa limekwenda na maji.

Ufunguo niliupata usiku ule ule, nitaeleza hapo chini. Kwa kifupi, matatizo mengi yanayokuja baada ya kupandisha Windows au Office hayahitaji kufuta chochote. Kupiga window ni dawa ya mwisho kabisa, na wengi wetu tunaifanya ya kwanza.

KWANZA KABISA: OKOA MAFAILI

Kama kompyuta bado inawaka, chomeka flashi na unakili kila kitu unachokijali kabla hujagusa kitu kingine. Usiangalie "Documents" peke yake. Watu wengi huweka kazi zao kwenye Desktop na Downloads, na fundi akisema "nimehifadhi mafaili yako" kumbe kahifadhi folda moja tu.

Kama haiwaki, mafaili mara nyingi bado yapo. Fundi anayejua anaweza kuiwasha kwa flashi yenye Linux akanakili, au akaitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Mwambie hivyo kabla hajaanza kazi. Ila kama diski imefungwa kwa ufunguo kama ilivyokuwa yangu, njia hizo hazitakusaidia mpaka ufunguo upatikane.

1. SKRINI YA BLUU INAYODAI TARAKIMU 48

Hiyo sio virusi. Ni BitLocker, kufuli la diski. Kwenye laptopu nyingi hujifunga kimya kimya siku unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadili mambo ya BIOS, kama vile Secure Boot, kufuli linadhani laptopu imeibiwa na linadai ufunguo.

Chukua simu yoyote, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa barua pepe ile ile uliyotumia kwenye laptopu. Utaona orodha ya funguo. Linganisha herufi nane za mwanzo za kitambulisho kilichopo kwenye skrini na zile za kwenye orodha, halafu andika tarakimu zote 48 taratibu. Mimi nilitumia simu ya dada, na shida kubwa ilikuwa kukumbuka paswedi.

Angalizo: kama laptopu ni ya mtumba, ufunguo unaweza kuwa kwenye akaunti ya aliyekuuzia. Kwa hiyo mtafute akiwa bado anapatikana. Bila ufunguo hakuna fundi wa kuifungua, hata akikwambia anaweza.

2. IMEKATAA KUPANDA KABISA

Windows 11 inataka prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha yao (kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8), RAM GB 4, diski GB 64, Secure Boot na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kuangalia TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, bonyeza Enter.

Mara nyingine chipu ipo ila imezimwa BIOS. Ukitaka kuiwasha, hakikisha kwanza una ufunguo wa namba 1 hapo juu. Usirudie kosa langu.

Kama Windows yako ya sasa ni ya biti 32, hakuna kupanda moja kwa moja. Lazima ufute na uweke upya, kwa hiyo mafaili yatoke kwanza.

Laptopu ikiwa ya zamani mno usijilazimishe. Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Njia nyingine ni kuweka Linux, ambayo ni bure na ni nyepesi.

3. IMEPANDA LAKINI INATAMBAA KAMA KONOKONO

Siku ya kwanza ivumilie. Inapanga mafaili na kushusha nyongeza kwa nyuma. Iache kwenye chaja masaa kadhaa.

Ikiendelea, angalia nafasi ya diski. Ikiwa imejaa mpaka juu lazima iwe nzito. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, zima usizozihitaji. Kama una diski ya kuzunguka na RAM GB 4, ukweli ni kwamba kubadili diski kuwa SSD kutakusaidia kuliko kupiga window mara kumi.

Ikiwa inakwamakwama hovyo, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Hizo amri zinatengeneza mafaili ya Windows yaliyoharibika, yako haziyagusi. Ya kwanza inahitaji intaneti.

4. PRINTA, SAUTI AU WI-FI HAVIFANYI KAZI

Hapo tatizo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Draiva ya zamani inaweza isielewane na Windows mpya. Nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza kifaa, tafuta modeli yako kamili, shusha draiva ya toleo lako. Zile tovuti zinazokuahidi "draiva zote bure" ziogope, nyingi ni mitego.

Kama ni Wi-Fi iliyokufa, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti. Kompyuta itapata mtandao bila Wi-Fi.

Kwa printa, ifute kabisa kwenye orodha ya vifaa, chomoa waya, weka draiva, ndo uchomeke. Kazi zikikwama kwenye foleni, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bofya kitufe cha kulia, chagua Restart.

5. OFFICE INAFUNGUA LAKINI HAIKUBALI KUANDIKA

Hapa kuna sababu tatu, usizichanganye.

Ya kwanza, mstari wa njano juu. Faili lililotoka WhatsApp au barua pepe hufunguliwa kwa tahadhari. Kama unamjua aliyekutumia, bofya "Enable Editing", basi.

Ya pili, Office haijasajiliwa. Muda wa majaribio ukiisha inakuruhusu kusoma na kuchapa tu. Hapa ndo vijana wengi tunakimbilia vile viprogramu vya kuvunja leseni, ambavyo vinakutaka uzime antivirusi kwanza. Jiulize, mgeni anayekwambia ufunge mbwa kabla hajaingia anataka nini? Kama huna hela ya leseni, Word na Excel za kwenye mtandao ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na LibreOffice ni bure hata bila intaneti. Wala sio jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili.

Ya tatu, Office mbili kwenye mashine moja. Umeweka mpya bila kutoa ya zamani, zinagombana. Ondoa zote mbili, washa upya, weka moja.

Kama Word inafunguka na kujifunga, bonyeza Windows na R, andika winword /safe. Ikifunguka vizuri hapo, mkosaji ni nyongeza fulani iliyojipachika, izime. Kwa Excel andika excel /safe.

Kumbuka pia kwamba Office 2016 na 2019 nazo zilifikia mwisho wa huduma siku ile ile ya 14 Oktoba 2025. Zinaendelea kufunguka, ila hazipati viraka vya usalama.

6. FAILI LINAHARIBIKA LIKIFIKA KWA MWENZAKO

Tangu Office 2007, Word inahifadhi kwa docx na Excel kwa xlsx. Mwenye Office 2003 anayaona kama takataka. Unaweza kumhifadhia kwa muundo wa zamani wa doc au xls, ila ujue xls inaishia mistari 65,536 na xlsx inafika 1,048,576. Kama ni la kusoma au kuchapa tu, mtumie PDF. Barua ya kupeleka steshenari iwe PDF siku zote, haipotezi mpangilio.

Na wale waliozoea WordPad, msihangaike kuitafuta. Iliondolewa Windows 11 kuanzia toleo la 24H2.

7. BANDO LINAISHA UKIWA UMELALA

Hili huku kwetu ni janga. Nenda Settings, kwenye mtandao uliounganisha, washa "Metered connection". Kompyuta itaacha kushusha mizigo mikubwa bila kukuuliza.

8. UKISHINDWA KABISA: RUDI ULIKOTOKA

Baada ya kupanda Windows 11 una siku 10 za kubadili mawazo. Ingia Settings, System, Recovery, bofya "Go back". Usifute folda ya Windows.old ndani ya siku hizo, ndo daraja lako la kurudia. Zikipita, inafutwa yenyewe.

KABLA YA KUPANDISHA SIKU NYINGINE

Nakili mafaili sehemu mbili. Andika ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye begi la laptopu. Betri ijae, maana umeme ukikatika katikati utajuta. Na usipandishe wiki ambayo kuna mtu anasubiri kazi yako.

Mgawo wa VICOBA ulifanyika siku yake na hesabu zilikaa sawa. Mama hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, daftari tuliache kweli?" Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi nachapa karatasi, katibu anaibandika kwenye daftari, na nakala ya faili iko kwenye flashi ya mweka hazina. Kompyuta yangu ikifa kesho, hela za watu zinajulikana.

Mwenye tatizo ambalo sijaligusa aliweke hapo chini, aandike na toleo la Windows yake. Wataalamu mnaojua zaidi, nirekebisheni, bado najifunza.

Nawasilisha.