Nyalikungu: Fedha, Sheria Ndogo na Viwanja katika Mji Mdogo wa Maswa

Nyalikungu ni kata ya mjini katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, na ndilo jina la zamani la mji wenyewe ambao siku hizi wasafiri wengi huuita Maswa tu, kwa kufuata jina la wilaya. Mji umekaa kwenye barabara ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi, yenye urefu wa kilomita 171.8, kiasi cha kilomita 50 kabla ya kufika Bariadi. Bariadi nayo iliwahi kuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa, lakini Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, mtoto alimpita mama: Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa na ikapata halmashauri ya mji, ilhali Nyalikungu ilibaki makao makuu ya wilaya yenye hadhi ya mji mdogo. Tofauti hiyo huonekana kama jambo la heshima tu, lakini ndiyo inayoamua nani anapanga bajeti, sheria ndogo hupitia wapi, na mwenye kiwanja aende ofisi gani.

Halmashauri ya mji huundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, ina madiwani wake, mkurugenzi wake na bajeti yake, na eneo lake hugawanywa katika kata na mitaa. Mamlaka ya mji mdogo huundwa chini ya sheria pacha, ile Na. 7 ya mwaka huohuo inayohusu mamlaka za wilaya, na kwa hiyo huishi ndani ya halmashauri ya wilaya kama chumba ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Eneo lake hugawanywa katika vitongoji wala si mitaa, wenyeviti wa vitongoji hivyo ndio wajumbe wakuu wa baraza la mji mdogo, na shughuli za kila siku husimamiwa na afisa mtendaji wa mji mdogo. Baraza hilo hujadili taka, soko na machinjio, lakini bajeti yake hupita katika Baraza la Madiwani la wilaya, ambako diwani wa Nyalikungu na wenzake wachache wa kata za mjini huketi na wenzao wengi waliotoka katika kata za wakulima wa pamba, mpunga na mtama. Diwani wa kijijini akiuliza kwa nini ushuru wa pamba ya watu wake ujenge mtaro wa mjini, swali lake lina uzito, kwa sababu katika wilaya kama Maswa, shamba ndilo linaloulisha mji.

Mamlaka ya kutunga kanuni na kukusanya fedha si jambo geni Usukumani, nchi ya Wasukuma ambamo Maswa imo, na kumbukumbu yake si tamu yote. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyoletwa na Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi, yaani machifu wa jadi, mahakama, hazina na uwezo wa kutoa amri, na chini yao wakawepo wanangwa, yaani wakuu wa vijiji, waliohesabu watu na kodi. Mwaka 1946 watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho moja lenye makao yake Malya, na katika miaka iliyofuata Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulitumia shirikisho hilo kutoa amri juu ya amri: kulima kwa matuta, kung'oa na kuchoma mabua ya pamba, kupunguza ng'ombe. Nyingi ya amri hizo zilikuwa na hoja ya kitaalamu nyuma yake, lakini zilishuka kutoka juu zikiwa na faini mkononi, nazo zilichangia kuwasha siasa ya eneo hilo kiasi kwamba chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, na mwaka 1958 Geita ikatikiswa na maandamano ya kupinga, pamoja na mengine, baraza la wilaya la mseto wa rangi. Utawala wa machifu ulifutwa baada ya uhuru. Halmashauri zilizoshika nafasi yao nazo zikavunjwa mwaka 1972 kwa mpango ulioitwa, kwa jina lililokwenda kinyume na matokeo yake, Madaraka Mikoani, ambao kwa hakika ulipeleka mikoani watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za wilaya zilirejeshwa kwa sheria za 1982, na ibara za 145 na 146 za Katiba zikazipa msingi ambao hazikuwa nao hapo awali.

Sheria ndogo ya leo hutengenezwa kwa njia ndefu kuliko amri ya mtemi. Wazo huanza katika idara, tuseme ya mazingira au ya biashara, likapelekwa katika kamati inayohusika, likaandikwa na mwanasheria wa halmashauri, likatangazwa ili wananchi watoe maoni na mapingamizi, likapitishwa na Baraza la Madiwani, kisha likapelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa katika Ofisi ya Rais, TAMISEMI; akiridhia, huchapishwa katika Gazeti la Serikali na hapo ndipo hupata nguvu ya kisheria. Kijiji nacho kinaweza kutunga ya kwake, ambayo hupita kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mlolongo huu ni kinga nzuri dhidi ya ubabe, ila una ugonjwa wake: sheria ndogo ya ada huweza kuchukua muda mrefu hivi kwamba kiwango kilichoandikwa kinapoanza kutozwa, bei za sokoni zimeshakipita. Pengo hilo hujazwa na desturi. Mbuzi wanaozurura katika bustani za watu mjini, kwa mfano, ni kosa katika sheria ndogo za halmashauri nyingi, lakini kesi za namna hiyo mara nyingi huisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa fidia inayokubaliwa papo hapo, bila kufika Mahakama ya Mwanzo. Vilevile sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, ulikuwa na kanuni na faini zake kabla serikali haijautambua kisheria.

Upande wa fedha, halmashauri hutegemea mifuko mitatu isiyolingana. Mfuko mkubwa ni ruzuku ya serikali kuu, inayolipa mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine; wa pili ni fedha za miradi ya wahisani na serikali; wa tatu, ulio mdogo lakini wenye uhuru zaidi, ni mapato ya ndani, ambayo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya 1982 inaziruhusu halmashauri kuyakusanya. Katika Maswa mapato hayo yana msimu. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei, na ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, si mkulima, kwa asilimia ya bei ya kununulia. Hadi 2017 kiwango kilikuwa hadi asilimia 5, kisha Bunge likakishusha hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kusamehe mizigo isiyofika tani moja inayovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hesabu yake ni rahisi kufanya hata kwa kijiti mchangani: pamba kilo 1,000 kwa bei elekezi ya shilingi 1,200, kama ilivyokuwa mwaka 2019, ingetoa ushuru wa shilingi 60,000 kwa kiwango cha zamani, na shilingi 36,000 kwa kipya. Mkulima na mnunuzi walipata nafuu. Halmashauri ilipoteza sehemu mbili kwa tano za chanzo hicho, na msimu huohuo wa 2019 wanunuzi walipokosa fedha na pamba ikakaa kwenye maghala ya vyama vya msingi, ushuru nao ulikaa hukohuko.

Si hilo pekee lililoondolewa. Kodi ya maendeleo, ile iliyotozwa kila mtu mzima na kuwakimbiza vijana vichakani mgambo walipopita, ilifutwa mwaka 2003, na ni wachache walioililia. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu Julai 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, kiwango cha mwanzo kikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sehemu tu ya fedha hizo ndiyo hurejea katika halmashauri. Kodi ya pango la ardhi ni ya serikali kuu. Barabara za mji zilikabidhiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na maji yako mikononi mwa mamlaka yake, MAUWASA. Kilichobaki kwa halmashauri ndani ya mji ni leseni za biashara, ushuru wa huduma, ambao kwa muda mrefu ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, ushuru wa nyumba za wageni, ada za soko, stendi na machinjio, pamoja na vibali. Kwa hiyo nyumba mpya inapojengwa Nyalikungu, halmashauri hubeba mzigo wa kuipangia mahali, kuizolea taka na kuwapatia watoto wake darasa, ilhali faida ya kudumu ya nyumba hiyo huingia zaidi Hazina. Mpangilio huu haumpi mkurugenzi sababu kubwa ya kifedha ya kuupanga mji wake vizuri, na hilo ndilo tatizo la msingi la miji midogo ya Tanzania, kuliko uzembe ambao hutajwa kwanza kila mara.

Ukusanyaji wenyewe umebadilika. Zamani mkusanyaji alikaa kwenye kizuizi cha ushuru na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, na kitabu kilipopotea, fedha nazo zilipotea nacho. Sasa hubeba mashine ya POS inayotosha kiganjani, ambayo hutoa risiti nyembamba yenye namba ya malipo na kutuma taarifa katika mfumo wa halmashauri; kwenye mnada wa ng'ombe mwenye mnyama hupewa kipande hicho cha karatasi akakikunja ndani ya kofia, kwani ndicho atakachoulizwa njiani. Mashine haikumaliza udanganyifu, maana huweza kuzimwa, na fedha iliyoonekana katika mfumo huweza kuchelewa kufika benki, jambo ambalo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amelirudia katika ripoti zake kuhusu halmashauri nchini. Maoni ya mkaguzi huitwa hati: hati inayoridhisha, yenye shaka, au isiyoridhisha, na madiwani huisubiri hati kama wanafunzi wanavyosubiri matokeo, ingawa hati safi huthibitisha kwamba vitabu vimeandikwa sawasawa, haisemi kwamba fedha zilitumika kwa busara.

Katika mapato hayo ya ndani, asilimia 10 hutengwa kwa sheria kuwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; sharti hilo liliwekwa kisheria mwaka 2018, utoaji ukasimamishwa 2023 kwa sababu ya marejesho hafifu na vikundi hewa, ukarejea 2024. Maswa ina mfano wake wenye sifa, kiwanda cha chaki kilichoanza kwa kikundi cha vijana kikisaidiwa na halmashauri, wakati Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa na akihimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake.

Kwenye makazi ndiko sheria na fedha hukutana. Pembeni mwa Nyalikungu, mji ukielekea Sola, Binza na kwingineko, ardhi imekuwa mashamba ya kimila, mengine yakiwa ngitiri, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, haki ya shamba haifutiki, lakini shamba huanza kuonekana kama viwanja. Halmashauri ina njia mbili. Ya kwanza ni kulitwaa shamba, kumlipa mwenyewe fidia, kupima na kuuza viwanja. Lakini fidia hutakiwa mapema na viwanja huuzwa polepole, na mfuko unaojazwa na pamba hauna subira hiyo. Ndiyo maana serikali kuu ilianza kuzikopesha halmashauri kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha, kazi ambayo watu wa ardhi huiita KKK. Ya pili ni urasimishaji: watu wamekwisha kujenga, kampuni ya upimaji hulipwa kwa michango yao, na njia hutafutwa katikati ya kuta zilizopo.

Mwenye shamba hasubiri njia yoyote kati ya hizo. Hukata kipande kwa hatua za miguu, akamwita mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari yenye muhuri, na mnunuzi akaanza na banda la kukaa mlinzi, kisha msingi, kisha matofali ya kuchoma yanayopangwa msimu kwa msimu kadiri pamba au mshahara unavyoruhusu. Kibali cha ujenzi huombwa kwa nyumba iliyo juu ya kiwanja kilichopimwa, chenye bikoni, yaani jiwe la zege lenye namba katika kila kona. Asiye na bikoni hana cha kuombea kibali, na asiyeomba kibali halipi ada yake. Miaka kadhaa baadaye, mpimaji afikapo na kamba, njia ya mita kadhaa iliyochorwa ofisini hukuta choo cha shimo cha mmoja na jiko la mwingine, na ubishi wa nani arudi nyuma husikilizwa chini ya mti na mwenyekiti yuleyule aliyepiga muhuri. Bomba la MAUWASA, lenye maji ya Bwawa la New Sola huko Zanzui, hufuata njia itakayopatikana hapo, likipinda panapopindika.