Shingo ya Babu na Moshi wa Foklifti

Hapa Mukuyuni hakuna foklifti. Msimu wa maembe lori husimama kando ya barabara na vijana wawili huinua kreti moja hadi juu, halafu nyingine. Kila nikiwaona namkumbuka babu yangu, umau kama tunavyosema huku, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini na akarudi na shingo isiyogeuka kushoto.

Alifika Mombasa baada ya mgomo mkubwa, ingawa aliusimulia kama mtu aliyekuwepo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi na mji ukasimama karibu wiki mbili. Makuli walikuwa na nguvu hiyo kwa sababu kreni ilitoa mzigo melini, lakini kuupanga ndani ya tumbo la meli na kuusogeza ghalani ilikuwa kazi ya mikono. Mikono ikikataa, meli inangoja.

Mashine ilikuwa tayari duniani. Kampuni ya Clark huko Marekani ilitengeneza kigari chake cha kwanza cha kubebea mizigo mwaka 1917, na Vita vya Pili vya Dunia vikaeneza foklifti pamoja na paleti zake. Foklifti ya tani tatu hunyanyua uzito wa magunia 30 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, kwa mpigo mmoja. Babu hakuichukia. Alisema ingekuja mapema angekuwa na shingo. Alichokichukia ni vile genge la watu lilivyogeuka kuwa dereva mmoja.

Ya dizeli ina sifa zake, tusidanganyane. Inafanya kazi kwenye mvua na changarawe, inapanda mteremko na mzigo, na tangi likiisha unajaza kwa dakika chache. Betri ya risasi huhitaji kama saa nane kwenye chaji. Nje, uwanjani, ningechagua dizeli bila kufikiria.

Ndani ni hadithi nyingine. Nilipoacha chuo nilifanya kibarua kwenye godauni moja Nairobi. Mvua ikinyesha milango ilifungwa, na foklifti ya dizeli ikaendelea kuzunguka humo humo. Kufikia saa tisa kichwa kinagonga na kamasi ni nyeusi. Msimamizi alituambia tunywe maziwa. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa baada ya 2012, mwaka ambao shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Mashine za gesi huonekana safi zaidi, lakini nazo hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Unaweza kuzimia ukidhani ni usingizi wa mchana.

Hatukugoma. Dereva alikuwa mmoja, ameajiriwa. Sisi vibarua tulikuwa wanne, kazi yetu kuzungushia paleti nailoni, na kila asubuhi kulikuwa na vijana wengine getini.