Ligi za Ulaya: Tiketi Hukatwa Nyumbani

Umoja wa Ligi za Ulaya hauna kombe, hauna timu ya kushangiliwa, wala jezi. Ofisi zake ziko Nyon, mji mdogo wa Uswisi kando ya Ziwa Geneva, jirani na makao makuu ya UEFA. Lakini tangu mwaka 1997 umetia mkono katika karibu kila jambo zito la kandanda barani humo: mikataba ya wachezaji, ratiba, mgawo wa fedha, na swali kubwa kuliko yote, nani ana haki ya kucheza Ligi ya Mabingwa.

Chanzo chake ni kesi. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa RFC Liège ya Ubelgiji, alimaliza mkataba mwaka 1990 akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ikashikilia ada ya uhamisho, na uhamisho ukakwama. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kuhamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya bila ada, na kwamba ni kosa kuwawekea ukomo wa idadi wachezaji wanaotoka nchi za umoja huo. Ligi, ambazo kila moja ilizoea kujiendeshea mambo yake, zikajikuta zinafuata sheria zinazotungwa Brussels na kutolewa hukumu Luxembourg. Kote huko UEFA na FIFA zilisemea mashirikisho ya mataifa. Ligi hazikuwa na msemaji wao.

Mwaka 1997 ligi kuu za nchi za Umoja wa Ulaya zikaanzisha chama chao. Mwaka 2005 chama kikapanuliwa kupokea ligi za nje ya umoja huo na kuitwa EPFL, jina lililodumu hadi 2018 kilipoanza kujulikana kama European Leagues. Leo kina wanachama zaidi ya 30. Sir Dave Richards wa Ligi Kuu ya England aliwahi kukiongoza, kisha Mfaransa Frédéric Thiriez, Msweden Lars-Christer Olsson na Mdenmark Claus Thomsen. Mreno Emanuel Macedo de Medeiros ndiye aliyekuwa mtendaji wake katika miaka ile ya kujijenga.

Kazi iliyosifiwa kidogo kuliko inavyostahili ilifanyika mezani. Tarehe 19 Aprili 2012, mjini Brussels, ligi zilitia saini pamoja na chama cha wachezaji FIFPRO, chama cha klabu ECA na UEFA makubaliano ya masharti ya chini ya mkataba wa mchezaji: uwe wa maandishi, utaje mshahara, bima na likizo yenye malipo, na ueleze wajibu wa pande zote mbili. Kwa nyota wa Madrid jambo hilo halikubadili kitu. Kwa beki wa klabu ndogo anayesubiri mshahara wa miezi iliyopita, ni karatasi ya kushika mkononi anapokwenda kudai.

Mtihani mkubwa ulikuja Agosti 2016. UEFA, ikiwa haina rais baada ya Michel Platini kufungiwa, ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2018/19 nchi nne za juu, yaani Hispania, Ujerumani, England na Italia, zingepata nafasi nne kila moja moja kwa moja katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Nusu ya viti 32 ilikuwa imeshagawiwa. Umoja wa ligi ulijibu kwa silaha pekee iliyokuwa nayo: ratiba. Ulikuwa na hati ya makubaliano na UEFA iliyozizuia ligi kupanga mechi zao usiku wa michuano ya Ulaya. Ukatoa notisi, na Machi 2017 hati hiyo ikafa.

Nafasi zile 16 hazikurudishwa. Ila UEFA ilirudi mezani, na mwaka 2018 Olsson akaingia katika Kamati ya Utendaji ya UEFA kama mwakilishi wa ligi. Kwangu mimi huo ndio ushindi mkubwa zaidi katika historia ya chama hiki, kwa sababu ulipatikana wakati maslahi ya wanachama wenyewe yalikuwa yanagongana. Ligi nne zilizonufaika zilikuwa humohumo ndani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua thamani ya nafasi zilizobaki. Msimu wa 2018/19 Mbwana Samatta alifunga mabao 23 ya ligi na KRC Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Kwa ubingwa huo Genk iliingia hatua ya makundi, na Novemba 2019 nahodha wa Taifa Stars akafunga Anfield dhidi ya Liverpool. Mlango wa bingwa wa ligi ya kati ukifungwa, bao hilo halipo.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021. Klabu 12, sita za England, tatu za Hispania na tatu za Italia, zilitangaza Super League ya timu 20 ambamo waanzilishi, waliokusudiwa kufika 15, wasingeshuka kamwe, hata wangemaliza wapi nyumbani. Ligi za nchi hizo tatu zilisimama siku hiyohiyo na mashirikisho yao pamoja na UEFA, na mashabiki wakaingia barabarani. Kufikia Jumanne usiku klabu zote sita za England zilikuwa zinajitoa.

Hatari nyingine ilikuja kimyakimya. Katika mfumo mpya wa Ligi ya Mabingwa wa 2024, UEFA ilikusudia kutenga nafasi mbili kwa klabu zenye rekodi nzuri ya miaka ya nyuma hata kama zimeshindwa kufuzu katika ligi zao. Umoja wa ligi ulipinga, na Mei 2022 wazo hilo likafutwa, huku mechi za hatua ya kwanza zikipunguzwa kutoka 10 hadi 8. Baadaye mgao wa klabu zisizoshiriki michuano ya Ulaya ulipandishwa hadi asilimia 7 ya mapato kwa kipindi cha 2024 hadi 2027. Bado ni kidogo. Bingwa wa nchi ndogo akicheza Ligi ya Mabingwa msimu mmoja tu hupata fedha za kuwaacha wapinzani wake wa nyumbani kwa miaka, na chama hakijapata dawa ya tatizo hilo.

Sasa mzozo umehamia FIFA. Oktoba 2024 umoja wa ligi, pamoja na FIFPRO Ulaya na LaLiga, uliwasilisha malalamiko kwa Kamisheni ya Ulaya kwamba FIFA inapanga kalenda ya dunia bila kuwashirikisha wanaoathirika, huku yenyewe ikiwa mtunga kanuni na mwandaaji wa mashindano kwa wakati mmoja. Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32 lilichezwa Marekani Juni na Julai 2025 kama lilivyopangwa. Waajiri na wachezaji, ambao mwaka 1995 walikuwa pande mbili za kesi, safari hii wameweka jina lao kwenye shauri moja.